Ligi ya vyuo, mechi 10: ubingwa unapangwaje?

Winga_wa_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Ligi yetu ina vyuo sita, nyumbani na ugenini. Viwili viko Mtwara mjini, vingine Lindi, Masasi, Nachingwea na Newala. Kikosi kina wachezaji 22, makipa wakiwa wawili. Zimebaki wiki nane ligi ianze, mipira ipo saba, na mazoezi yanaanza saa kumi na nusu baada ya vipindi. Naomba mchanganuo: pointi ngapi zinatosha kubeba kombe, mazoezi yagawanyweje, na timu za vyuo huwa zinaangukia wapi? Ya Simba na Yanga tuyaache kwenye uzi mwingine.

Kamisaa_Mstaafu
Anza na karatasi, mkuu. Makombe ya vyuo hupotea mezani. Mpinzani akiweka pingamizi kwamba mmechezesha mamluki, yaani wasio wanafunzi halali wa chuo, na kweli mmechezesha, hata mabao sita hayawasaidii. Kila mchezaji awe na fomu yenye picha, kitambulisho cha chuo ambacho hakijaisha muda, na uthibitisho kwamba amesajiliwa muhula huu. Aliyeahirisha masomo au aliyehitimu juzi akae jukwaani, hata kama ndiye mfungaji wenu bora. Faili moja lisafiri na meneja, nakala ibaki chuoni.

Daftari la kadi nalo ni kazi ya mtu mmoja, si ya "tutakumbuka". Someni kanuni zenu zinasema njano ngapi zinamtoa mtu mechi inayofuata, na je, zinafutwa baada ya mzunguko wa kwanza? Namba sita (kiungo mkabaji) na mabeki wa kati ndio hujaza daftari.

Sasa pointi. Jumla ni 30. Mkishinda zote tano za nyumbani, ugenini mkashinda mbili na kutoa sare tatu, mna 24 bila kufungwa. Inatosha? Inategemea sare mmetoa na nani. Mshindani wenu mkuu mkimpiga nyumbani na ugenini, hawezi kuvuka 24 hata akishinda nyingine zote nane, na hapo mnaangalia tofauti ya mabao. Mkitoka naye sare kwake, anaweza kufika 25. Kwa hiyo mechi ile ya ugenini msiingie kulinda sare kama vile ni mtaji.

Jingine: sare mbili ni pointi mbili, ushindi mmoja na kipigo kimoja ni tatu. Ukiwa kwa timu ya mkiani dakika ya 75 ni bila bila, ongeza mshambuliaji.

Mzee_wa_Koni
Kamisaa kamaliza ya mezani, mimi niseme ya uwanjani.

Wiki 1 hadi 3 ni pumzi. Dakika nne za kukimbia kwa nguvu, tatu za kukimbia taratibu, mara nne. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Wiki 4 hadi 6, watano kwa watano kwenye eneo la mita 30 kwa 40, vipindi vitano vya dakika nne. Kwa mipira saba hilo linawezekana bila watu kusimama foleni. Wiki mbili za mwisho punguzeni muda, kasi ibaki, mcheze mechi za kirafiki mbili au tatu.

Kupasha mwili tumieni programu ya FIFA 11+, kama dakika 20: nane za kukimbia, kumi za nguvu na mizani, mbili za kasi. Timu za vyuo huiruka kwa sababu haina mpira ndani yake, halafu mechi ya nne winga wote wawili wameshika nyama za paja. Zoezi la kuzilinda halihitaji kifaa: mmoja anapiga magoti, mwenzake anambana vifundo, naye anajishusha mbele polepole kadiri anavyoweza kujizuia. Anzeni na seti mbili za mara tano. Msilifanye siku moja au mbili kabla ya mechi, maana linaacha maumivu.

Winga_wa_Shangani
Shukrani wakuu. Vipi mazoezi ya ufukweni? Vijana wanayapenda sana.

Mzee_wa_Koni
Mara moja kwa wiki, dakika 20, na ni wiki za mwanzo tu. Mchanga tifutifu unaichosha misuli ya nyuma ya muundi na kuumiza kano ya kisigino. Angalieni maji: yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua yanapokupwa mbali zaidi, ule mchanga mgumu wa chini ndio wa kukimbilia. Na kimbieni kwenda na kurudi, kwa sababu ufuko umeinama na mguu mmoja hubeba zaidi.

Korosho_Ghafi
Naongeza la safari. Masasi ni karibu kilomita 200 kutoka Mtwara, msifike siku ya mechi. Mlo mkubwa uwe saa tatu au nne kabla: wali, samaki au maharage. Chapati za mafuta na korosho za kutafuna njiani ziwe za safari ya kurudi, mafuta hukaa tumboni. Mkipangiwa mechi ya saa nane, ombeni mapumziko ya kupoza mwili kwenye kikao cha kabla ya mechi. Sheria inaruhusu sekunde 90 hadi dakika tatu.

Na kama ni chuo cha ualimu, chukueni leo ratiba ya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Msimchague nahodha ambaye mzunguko wa pili atakuwa anafundisha shule ya wilaya nyingine.