MREJESHO: Punda mstaafu wa Mikindani, kwato na unene

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu punda mzee niliyemwachisha mkokoteni: ananenepa, anachechemea miguu ya mbele, na kwato ya kulia ina ufa. Kilichofaa ni kumpunguzia pumba za mahindi kidogo kidogo. Aliyesema nimkatie chakula ghafla, hapana. Punda mnene akishinda njaa mafuta hujaa kwenye damu, anaweza kufa. Sasa anakula nyasi kavu, kilo 2 hadi 3 kwa siku (ana kilo 150 hivi), maji na chumvi. Bwana mifugo alipunguza ncha za kwato kwa tupa, kwa awamu, kuchechemea kukaisha. Ule ufa bado upo: kwato hukua milimita 8 hivi kwa mwezi, ufa utashuka taratibu. Kupaka kwato oili chafu ya injini hakukusaidia kitu.