Naombeni ushauri: tofali mbichi zinapasuka, nichanganye katani au makumbi ya nazi?

Wakuu habari zenu. Niko Muheza, namjengea mama vyumba viwili na jiko, tofali nafyatua za udongo na sichomi maana kuni hazishikiki. Shida zikianza kukauka tu zinapasuka katikati, udongo wetu mwekundu na unanata sana. Jirani anasema nifuate mabaki ya mkonge, yaani katani, kule korona (kiwanda cha kusindika mkonge) nichanganye, fundi anataka makumbi, mwingine ati nikatekate viroba. Masika hiyoo na mama analala panapovuja, mwenye uzoefu anisaidie.

fundi_kozi: Mkuu anza na udongo wenyewe. Tia kwenye chupa nyeupe, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho, mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi theluthi ongeza mchanga kwanza, nyuzi peke yake hazitatosha. Na tofali zikaushe kivulini, zifunike makuti siku za mwanzo, hilo jua la mchana ndo linapasua. Katani ni nzuri sana ila osha ule uchafu wa jani uishe, anika, kata urefu wa sentimita 3 hivi mpaka 5, ukiacha ndefu zinajisokota. Nusu kilo kwa kilo 100 za udongo mkavu inatosha, ukijaza mno tofali linakuwa jepesi linameguka.

Mpangani: Mi nasimama na makumbi, yanachelewa kuoza kuliko katani, wazee walishonea mitepe (vyombo vya kale vya baharini) kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi, na ikaenda baharini. Ila yale yaliyofukiwa pwani yana chumvi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa la sivyo lipu itabanduka.

Mleta uzi: Asanteni. Na nikitia saruji kidogo?

fundi_kozi: Ukitia saruji achana na katani, ukali wa saruji unaila taratibu mpaka inakatika kama kijiti. Viroba vinateleza, havishiki udongo. Bora nyavu chakavu za wavuvi, zioshe vizuri, tandaza kila kozi (mstari wa tofali) ya tatu na nyingine uvalishe ukuta kabla ya lipu, ndani na nje, uzifunge pamoja kwa kamba zinazopita ukutani. Peru wamejaribu nyumba za tofali mbichi kwenye meza ya kutikisa kama tetemeko, zilizovalishwa wavu wa plastiki namna hiyo zilipasuka lakini hazikudondoka.

Bi Chumbageni: Wanangu mnasahau maji! Nyuzi zinashika ukuta usiachane, mvua hazizuii hata kidogo. Weka msingi wa mawe upande juu ya ardhi, bati litokeze vya kutosha upande wa kusi, na mchwa uwachunguze kabla hujamwaga udongo, makumbi wanayala pia.

Mleta uzi: Shikamoo bi mkubwa, nimekuelewa. Kesho napima udongo. Kuna mwenye makumbi ambayo hayajafukiwa, maeneo ya Kigombe?

Mpangani: Yapo, njoo inbox.