Klachi haikati, nikiingiza gia inaruka mbele. Msaada wakuu, nipo Moshi

Kijana wa Pasua
Wakuu habari za leo. Nina pikipiki ya Kichina cc 125, kazi yangu ni kushusha ndizi kutoka Kibosho mpaka soko la Mbuyuni. Tatizo ni klachi. Naishika mpaka mkono wake unagusa usukani, lakini nikiingiza gia ya kwanza pikipiki inaruka mbele, mara nyingine inazima. Pale kipilefti cha YMCA nikisimama lazima nibane breki zote mbili maana inataka kuondoka. Fri, yaani gia ikiwa huru, siipati mpaka nizime injini. Waya nimeukaza mpaka nati imefika mwisho. Oili ni mpya.

Swali langu ni moja tu: nikipata klachi nzima ya mtumba, naweza kuifunga mwenyewe nyumbani? Spana ninazo. Msiniambie niende gereji, kuna sababu.

Chalii wa Sakina
Hiyo pikipiki inawahi soko kuliko wewe. Mpe leseni aendeshe yeye.

Msomaji Tu
Nimekaa paleee, ngoja waje wajuvi.

Mzee Spana
Kijana, usinunue kitu kwanza. Klachi isiyokata maana yake pleti haziachiani ukiishika. Anza na vya nje. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze bure kama mm 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ikicheza zaidi ya hapo, mkono unafika mwisho pleti bado zimeshikana. Wewe umeshakaza hadi mwisho, kwa hiyo ama waya umevutika na nyuzi zinakatikia ndani, ama shida iko nyuma ya kava. Mwambie mtu ashike klachi, wewe tazama kile kimkono kilichoko kwenye injini upande wa kiki. Kinasogea vizuri?

La pili, inasumbua zaidi asubuhi ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Asubuhi oili huzishikanisha pleti, hiyo ni kawaida. Injini ikiwa imezimwa unaingiza gia, unashika klachi, unaisukuma mbele na nyuma, zinaachia. Ikizidi wakati wa moto, mara nyingi pleti za chuma zimepinda.

La tatu ndilo kubwa: kabla haijaanza, iliguswa nini?

Mama Mshare
Vijana wa ndizi mnatuudhi sana. Mnapakia mikungu mpaka mnaionea huruma pikipiki ya watu, halafu mnateremka Kibosho na fri eti mnabana mafuta. Mmoja aliniangushia ndizi zangu zote za mshare barabarani, zikabaki za kupikia nguruwe, na hela ya usafiri akataka nimpe! Mwanangu, hiyo klachi inalia mzigo.

Dereva wa Mbali
Mimi yangu ilikuwa oili. Nilikuwa na TVS enzi hizo nikiwa Tengeru, nikawekewa oili ya gari kwa sababu ilikuwa nusu bei. Nikifika Sanawari injini inanguruma, mwendo hakuna. Pikipiki hizi klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo tafuta kopo la 4T lenye herufi JASO MA. Badili oili mdogo wangu, utanikumbuka.

Mzee Spana
Dereva, yako ilikuwa inateleza. Ya huyu haiachii. Ni magonjwa mawili tofauti, dawa ya moja huleta jingine.

Kijana wa Pasua
Shikamoo mzee. Kimkono kinasogea. Ikipata moto ndiyo mbaya zaidi. Haijaguswa kitu, imeanza tu. Klachi yenyewe nimeshaipata Arusha, Unga Limited, nimetanguliza elfu ishirini na itakuja na basi. Kwa hiyo nisaidieni namna ya kufunga tu.

Mzee Spana
Marahaba. Pikipiki haianzi tu. Mkono wa klachi ni laini kama zamani au umekuwa mgumu?

Kijana wa Pasua
Mgumu. Jioni vidole vinauma. Nimeshautia waya oili.

Mzee Spana
Umefanya nini kwenye springi?

Chalii wa Sakina
Haya, mtuhumiwa ajibu.

Kijana wa Pasua
Sawa. Niliweka washa. Nikiwa na mzigo klachi ilikuwa inateleza, kilima cha Kibosho hakipandiki. Jirani akanielekeza: fungua kava, toa zile bolti nne, weka washa juu ya kila springi, rudisha. Yeye yake ameweka na inatembea. Na yangu ilipona! Haikuteleza tena, ndiyo maana sikuitaja, kwa sababu washa zilitengeneza na si kuharibu. Hii ya kutokata imekuja baadaye.

Mzee Spana
Baadaye siku gani, keshokutwa yake? Sikiliza. Pleti zako zenye lainingi, ule utando unaoshika, zilikuwa zimekwisha, ndiyo maana ziliteleza. Ukaweka washa, springi zikabana zaidi, pleti zilizokwisha zikalazimishwa kushika. Lakini ukishika klachi, springi inatakiwa ijikunje ili sahani ya juu inyanyuke na pleti ziachiane. Washa imekula nafasi ile ya kujikunja. Springi inafika mahali koili zake zinagusana, haiendi tena. Hapo hata uvute kwa mikono miwili, pleti hazipati nafasi. Na kwa kuwa springi ni ngumu, nguvu yako nusu inaishia kuuvuta waya badala ya kunyanyua sahani. Kisha ukakaza waya wote. Umefunga mlango kwa ndani na nje.

Injini hizo asili yake ni Honda CG125 ya mwaka 1976, nimezifungua mpaka nimechoka. Toa washa.

Kijana wa Pasua
Nikitoa itateleza mzee, nitapandaje? Na elfu ishirini ya watu nimeshatoa. Si bora nisubiri klachi ije, nibadili yote?

Mpelelezi wa Mtaa
Wakuu, mnakunywa chai hapa, yaani uongo mtupu, na hamsikii sukari. Mtu anafungua kava la klachi chumba cha kupanga. Ile oili ilimwagikia wapi? Hajataja kumwaga oili, hajataja gasketi, hajataja kutoa kiki. Anasema oili ni mpya: aliifungua ikiwa na oili ndani? Huyu hana pikipiki, ni muuza klachi wa mtumba anajipigia debe. Kesho ataweka namba ya simu.

Msomaji Tu
Duh. Kweli oili ilienda wapi?

Mama Mshare
Na mimi nilishangaa. Kijana wa Pasua anayejua maneno yote haya?

Kijana wa Pasua
Oili niliiweka siku chache kabla, sikutaka kuimwaga. Nililaza pikipiki upande wa kushoto juu ya gunia la pumba, klachi iko kulia kwa hiyo ikawa juu, oili ikabaki chini. Betri nilitoa, petroli nilifunga, kifuniko cha tanki nikakiwekea nailoni na bado ilinuka nyumba nzima. Kiki nilitoa, na pedali ya breki. Gasketi haikuchanika, niliirudisha na silikoni.

Dereva wa Mbali
Hiyo ya kulaza ni kweli, tulikuwa tunafanya. Mpelelezi kaa chini.

Mpelelezi wa Mtaa
Tupia picha basi. Ya injini tu, namba ficha.

Kijana wa Pasua
Siwezi.

Mpelelezi wa Mtaa
CHAI.

Kijana wa Pasua
Siwezi kwa sababu tanki lina stika ya mwenye pikipiki na humu ndani yumo. Pikipiki ni ya mkataba. Nikimaliza hesabu inakuwa yangu, na nimebakiza kidogo. Kwenye karatasi imeandikwa injini isifunguliwe ila na fundi wake, na fundi wake ni shemeji yake. Akijua nimefungua anaivuta, na kila nilicholipa kimekwenda. Ndiyo sababu ya kutokwenda gereji. Mmefurahi?

Chalii wa Sakina
Pole mwanangu. Nafuta utani wa leseni.

Mama Mshare
Mali ya mtu ni mali ya mtu. Mpigie umwambie ukweli, mzee wa watu ana moyo.

Dereva wa Mbali
Mama, mikataba hii unaijua? Mimi nilinyang'anywa ya kwangu kwa sababu ya taa ya nyuma. Ukisema ukweli unatembea kwa miguu.

Mpelelezi wa Mtaa
Kama ana stika na kaeleza yote haya, mwenyewe si amekwisha mjua? Hata kujificha hajui. Au ndiyo utunzi umeishia hapo.

Mzee Spana
Kama ni utunzi, klachi yake ina akili kuliko mtunzi. Tuendelee. Ya mkataba mtazungumza ninyi, mimi nina springi nne hapa.

Hiyo ya mtumba kutoka Arusha huijui imekula mizigo ya nani. Ikifika, tazama kwanza hausingi, lile bakuli linalobeba pleti. Pitisha ukucha kwenye kingo za zile nafasi. Ukikwama kwenye vijishimo, pleti zitakwama palepale na klachi haitakata. Vijishimo vya juujuu vinasawazishwa na tupa laini, vikiwa virefu haifai. Ya kwako iangalie hivyohivyo, huenda ni nzima na huhitaji ya mtu.

Kijana wa Pasua
Mzee, nimetoa washa jana usiku. Waya nikaulegeza ukawa na ule mchezo. Gia ya kwanza imeingia kimya, fri naipata nikiwa nimesimama. Ila nimejaribu kupanda na mikungu miwili, injini inalia, pikipiki inatambaa. Hausingi ya kwangu ukucha haukwami.

Mzee Spana
Umeona. Sasa una ugonjwa wa kwanza peke yake, na huo dawa yake ni nafuu. Nunua seti mpya ya pleti zenye lainingi na springi nne mpya, zote pamoja, usichanganye na za zamani. Pleti ziloweke kwenye oili ya injini usiku kucha, ukizifunga kavu zitashikana na utarudi hapa unalia haikati. Za chuma zilaze moja moja juu ya kioo kilichonyooka. Fila geji, kile kipimo cha vijani vyembamba vya chuma, ya mm 0.2 ikipenya chini yake, hiyo imepinda, tupa. Iliyogeuka bluu kwa moto usiijadili. Kufunga, kaza bolti za springi kwa msalaba, kidogo kidogo. Usizitumilie ubavu, zinashika kwenye aluminiamu. Na gasketi weka mpya safari hii, silikoni ikimeguka inaziba njia za oili.

Elfu ishirini mwambie muuzaji akubadilishie pleti mpya za thamani hiyo.

Kijana wa Pasua
Amekubali, zinakuja na basi la jioni. Fila geji jirani anayo. Kioo ndiyo sina, labda ile meza ya kioo ya mama mwenye nyumba, iko sebuleni kwake. Itafaa?

Mzee Spana
Inafaa. Tandaza gazeti pembeni, na ufute oili kabla hajaamka.