Msichana mmoja, sehemu 20: mvuto wa tamthilia za upelelezi za Skandinavia unatoka wapi?

Mkesha:
Habari zenu ndugu zangu. Nimemaliza msimu wa kwanza wa Forbrydelsen, tamthilia ya Denmark iliyoanza kurushwa mwaka 2007, nikabaki na swali. Sehemu zote 20 zinahusu kifo cha msichana mmoja, Nanna Birk Larsen. Ni Novemba, giza linaingia mapema, watu hawacheki, na mpelelezi Sarah Lund anashinda na sweta lile lile. Risasi zenyewe ni za kuhesabu. Kwa kawaida filamu ikinichosha huiacha njiani, lakini hii nilikesha nayo, tena kwa lugha nisiyojua hata salamu yake. Je, kinachotunasa ni fumbo la nani aliyeua, au kuna jambo jingine?

Bi Mkubwa wa Raskazone:
Ndugu Mkesha, fumbo lipo, ila sidhani kwamba ndilo lililokunyima usingizi. Katika tamthilia nyingi tulizozoea, maiti huonekana mapema, wazazi wa marehemu hulia mara moja, kisha hatuwaoni tena, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kumpa mpelelezi sababu ya kuingia kazini. Hapa Theis na Pernille, wazazi wa Nanna, wanabaki nasi hadi mwisho. Kumbuka namna mama anavyopata habari: mumewe amefika mahali gari lilipoopolewa majini, simu haijakatwa, naye anasikia yote bila mtu kumwambia neno.

Baada ya hapo tunakaa nao matanga, maana kila sehemu ni siku moja ya uchunguzi. Theis ana biashara ya kuhamisha vyombo vya watu, na magari lazima yatoke asubuhi. Wale watoto wawili wa kiume lazima wale. Mazishi lazima yapangwe. Aliyewahi kufiwa anajua kwamba uzito wa msiba haumo sana katika kilio cha siku ya kwanza, bali katika siku ile ambayo wageni wameondoka, turubai limekunjwa, na sahani za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe. Tamthilia hii ina subira ya kufika siku hiyo. Tena kila anayeshukiwa anaachwa na jeraha lake, kama yule mwalimu anayepigwa vibaya kwa kosa asilolitenda.

Mzee wa Maktaba:
Nakubaliana na Bi Mkubwa, lakini subira hiyo haikuzuka tu. Kati ya 1965 na 1975, Maj Sjöwall na Per Wahlöö waliandika riwaya 10 za mpelelezi Martin Beck, na ndani yake mauaji yalikuwa kisu cha kuipasua Uswidi iliyosifiwa kwa ustawi, watu waone kilichomo. Mwaka 1986 Waziri Mkuu Olof Palme, ambaye sisi wa rika la zamani tunamkumbuka kama rafiki wa harakati za ukombozi wa Afrika, alipigwa risasi katika mtaa wa Stockholm akirudi kutoka sinema na mkewe, bila mlinzi hata mmoja. Baadaye akaja Henning Mankell na mpelelezi wake Wallander wa mji wa Ystad. Mankell alikuwa akiishi kwa vipindi virefu Maputo, alikoongoza jumba la michezo la Teatro Avenida, na nadhani kuitazama nchi yake kutoka Msumbiji kulimnoa macho.

DR, shirika la utangazaji la umma la Denmark, liliifanya hali hiyo kuwa kanuni: chini ya kisa cha polisi sharti liwepo swali la kijamii. Ndiyo maana Forbrydelsen inamfuata pia Troels Hartmann, mgombea umeya wa Copenhagen, ambaye gari la kampeni yake ndilo lililokutwa na maiti.

Asiyetaka Tafsiri:
Mimi nataja lugha. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, ambako mtafsiri hupaza sauti juu ya waigizaji, tumezoea kutazama huku tukipiga soga. Ukisoma maandishi ya chini huwezi kushika simu; macho yakibanduka umepotea. Ila nina nongwa moja: walioiga mtindo huu wengi wamechukua ukungu na maiti ya msichana tu, wakaacha matanga.

Mkesha:
Nashukuruni. Sasa nianze Bron, ile ya Uswidi na Denmark, au nayo ni ukungu mtupu?

Bi Mkubwa wa Raskazone:
Ianze leo. Maiti inakutwa katikati ya daraja la Øresund, juu kabisa ya mpaka, kiwiliwili upande mmoja na miguu upande wa pili, na baadaye inagundulika kwamba ni ya wanawake wawili tofauti. Mpelelezi Saga wa Malmö anasema Kiswidi, mpelelezi mwenzake Martin wa Copenhagen anamjibu kwa Kidenmarki, nao wanaelewana kama mtu wa Unguja na wa Lubumbashi, yaani kwa nia njema na kukisia kidogo. Gari la wagonjwa linaomba kupita. Saga anakataa kwa sababu sheria inakataza, Martin analiruhusu. Dakika zile chache zitakueleza watu hao wawili ni akina nani kabla hujaambiwa lolote kuhusu muuaji.