Tupeane uzoefu: mliopita kwenye jumuiya za wasio na makazi zenye maduka ya mitumba

Wakuu, waliowahi kuishi, kujitolea au kufanya kazi kwenye jumuiya za aina ya Emmaus waseme walichokiona. Kwa wasiozijua: zilianza Ufaransa mwaka 1949 kwa padri Abbé Pierre. Asiye na makazi hupewa chumba, chakula na posho, naye hukusanya, huchambua, hutengeneza na kuuza vitu vilivyotumika. Duka ndilo linalolisha nyumba. Maneno ya vipeperushi sitaki.

Mchambuzi: Nimekaa, Uingereza. Sharti la kwanza unaacha ruzuku ya kukosa kazi. Ya pango inabaki. Pombe ndani ya nyumba hakuna, na hilo liliwashinda wengi niliowakuta. Nikapangiwa stoo. Watu wanadhani kuchambua ni kutenga suruali na mashati tu! Sofa isiyo na lebo ya usalama wa moto haiuzwi, hata iwe mpya vipi. Pasi na redio hupimwa umeme kwanza. Ilifika mahali nikienda kwa watu nageuza mto wa kiti kutafuta lebo kabla sijakaa.

Dereva wa Lori: Hahaha! Sisi ndio tunaogombana na watu mlangoni. Mtu anakutolea godoro lenye madoa, ukilikataa anauliza, "Si ni la maskini?" Kulitupa ni gharama yetu, ndugu zangu. Lakini kazi nzito ni nyumba ya marehemu. Watoto wanataka iwe tupu kabla ya jioni, nawe umeshika albamu ya harusi. Picha tulikuwa tunaziweka pembeni. Kuna waliozifuata baadaye.

Mtazamaji: Samahani wakuu, mimi naona huu ni unyonyaji uliopakwa rangi. Posho si mshahara.

Mchambuzi: Hoja yako ina uzito. Ufaransa, sheria ya mwaka 2008 imewapa wakaaji hadhi yao ya pekee, si waajiriwa, na msimamizi mbaya anaweza kujificha humo. Ila hosteli nilizopitia nilipewa kitanda, basi. Huku niliulizwa najua kufanya nini. Hata mkaaji wa kwanza, Georges, aliyetoka jela na kujaribu kujiua, padri hakumpa msaada: alimwomba amsaidie kuwajengea wengine nyumba.

Dada wa Kaunta: Huyo padri msimpambe sana. Mwaka 2024 wanawake kadhaa walimtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono, na Emmaus wenyewe ndio walioagiza uchunguzi wakautangaza. Wateja walituuliza pale kaunta, tukawajibu wazi.

Mwanzisha mada: Asanteni. Aliyeondoka anaruhusiwa kurudi?

Mchambuzi: Kwetu ndiyo, chumba kikiwepo. Mimi nilitoka, kazi ya nje ikaisha, nikarudi stoo. Ila piga simu kwanza, usitokee tu na mabegi. Wakati wa baridi vyumba hujaa.