Wauza vijitabu vya tuisheni, nani aliwaambia vita vya Msumbiji vilianza Mueda?

Wakuu, mods msiunganishe uzi huu, nina hasira.

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Kaja na kijitabu cha tuisheni, hela ya watu imelipwa, kimeandikwa kwamba vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Mueda mwaka 1960. Ukurasa unaofuata kinasema jeshi la Tanzania ndilo lililoshambulia Chai, kituo cha kaskazini mwa Msumbiji. Kwenye jaribio mtoto kajibu kwa akili yake, "Chai, 25 Septemba 1964, FRELIMO" (chama cha ukombozi cha Msumbiji), kapigwa mkasi! Ticha anasahihisha kwa kijitabu hicho hicho.

Mueda, tarehe 16 Juni 1960, hapakuwa na vita. Wananchi walikusanyika ofisini kwa mtawala wa Kireno kudai haki yao, wakamiminiwa risasi. Yale ni mauaji. Alberto Chipande alikuwepo siku ile, na ndiye aliyekuja kuongoza kikosi kilichoshambulia kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado. Watu waliona kuomba kwa mdomo kunazaa makaburi, wakaenda kutafuta bunduki. Sasa ukiyafanya matukio haya mawili kuwa kitu kimoja, mtoto ataelewaje kwa nini walichukua silaha?

Na hili la jeshi letu ndilo linanichefua zaidi. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari. Haijatimiza hata mwezi, ikashambulie Chai? Hata jina Tanzania lenyewe lilikuwa halijaanza kutumika, lilikuja Oktoba. Tulichotoa kinajulikana na hakihitaji chumvi: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, makao yake yakawa hapo hapo, wapiganaji wakapewa kambi Kongwa. Kundi la kwanza lilifunzwa Algeria. Halafu vijana wale wakavuka Ruvuma, wakatembea kwa kujificha hadi kusini kabisa ya mto.

Kwa simulizi ya Chipande mwenyewe, mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni kwa mkuu wa kituo, usiku. Akamsogelea, akafyatua, na mlio huo ndio ukawa ishara kwa wenzake. Silaha zilikuwa chache, wakapiga na kutokomea porini. Kijeshi halikuwa pigano kubwa, lakini Mreno alikaa vitani karibu miaka kumi hadi mkataba wa Lusaka, Septemba 1974. Habari tamu kama hii mnaiacha, mnaandika upuuzi!

Msumbiji 25 Septemba ni sikukuu ya majeshi, wanapumzika kazi. Sisi tuliowapa kambi tunashindwa kunakili tarehe?

Walimu wa Historia, nataka jibu moja: mtoto akiandika ukweli na kijitabu kikasema uongo, alama mnampa nani?