Matundu ya madirisha hayalingani na ramani: fundi alumini akate fremu kwa kipimo kipi?

Saiti_Kgb: Wakuu, jengo ni ghorofa tatu, nguzo za zege na kuta za tofali za inchi 6. Ramani inasema dirisha mm 1,500 kwa 1,200. Tumepima upana wa matundu kabla ya lipu: jembamba kabisa mm 1,478, pana kabisa 1,512. Fundi alumini anataka akate fremu zote kwa kipimo cha ramani ili kazi isisimame. Mkataba hautaji toleransi (kiasi cha kosa kinachoruhusiwa) popote. Tuachie kiasi gani, na ghorofa ya juu tuizuieje isitoke hivi hivi?

AluFundi: Akikata 1,500 hakuna fremu hata moja itakayoingia. Hata lile tundu la 1,512, likipigwa lipu ya mm 15 kila upande linabaki 1,482.

Anza na jembamba. 1,478, toa lipu ya mm 11.5 kila upande, unapata 1,455. Toa tena mm 5 kila upande za silikoni: fremu 1,445. Zote ziwe hivyo. Kimo kipigiwe hesabu hiyo hiyo, ukikumbuka mteremko wa kizingiti cha chini.

Baada ya hapo mzigo ni wa fundi lipu: kila tundu alifikishe 1,455, asipige mm 15 kwa mazoea. Kwenye la 1,512 lipu itafika mm 28.5, kwa hiyo ipigwe mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa kwanza ukwaruzwe na uachwe ushike. Akiimaliza kwa mkono mmoja inashuka kwa uzito wake. Akibaki na mm 15, pengo la silikoni linakuwa mm 18.5 kila upande. Mvua ya upepo ikija, maji yapo ndani.

Upana upimwe juu, kati na chini, ushike mdogo. Halafu pima kona kwa kona. Tundu lililolala upande linaweza kuwa na upana sahihi kotekote na fremu bado ikakwama.

Timazi: Kwa ghorofa ya juu, tengenezeni fremu ya mfano ya bomba la chuma, mm 1,485 kwa nje, fundi ajenge tofali akiizungushia. Lipu ya 15 kila upande inawaletea 1,455 ile ile.

Ila chanzo ni jinsi mnavyopima. Kupima nguzo hadi nguzo kunabeba makosa. Nafasi sita, kila moja ikiwa na kosa la mm 5 huku na huku, mara nyingi mwisho wake ni kama mm 12. Kosa likiwa la upande mmoja, mfano ndoano ya tepu imepinda, ni mm 30 kamili. Funga sifuri kwenye mstari mmoja, usome vipimo vyote kutoka hapo.

Nguzo ya juu msiipandishe kwa kuangalia ya chini. Acheni tundu la mm 150 kwa 150 kwenye slabu, mshushe timazi hadi alama za chini kabisa, jiwe lake likiwa ndani ya ndoo ya maji ili upepo usilichezeshe.

Saiti_Kgb: Shukrani. Kuna nguzo moja ya mita 3 imeegemea mm 14. Ibomolewe?

Mhandisi_Zege: Kwa kanuni ya Ulaya EN 13670, kwa nguzo ya kimo kisichozidi mita 10, mwegemo unaoruhusiwa ni mm 15 au kimo gawanya kwa 400, kikubwa kati ya hivyo. Hapo kimo kinatoa 7.5, kwa hiyo kikomo ni 15. Imepita.

Lakini angalia jirani yake. Ikiegemea mm 14 upande wa pili, nafasi kati yao imepotea mm 28 na zote mbili ziko halali. Mkandarasi hana kosa, na dirisha haliingii. Ndiyo maana toleransi ya zege haitoshi peke yake. Mkataba utaje pia pengo la fremu na unene wa lipu.

Jambo moja kwa nguzo zijazo: boksi (fomu ya mbao ya kumwagia zege) likiwa limeegemea, msiligonge nyundo baada ya kumwaga. Nondo haziji nalo, biskuti (vipande vya kutenga nondo na boksi) zinachomoka, na kava, yaani zege linalofunika nondo, ya mm 25 upande mmoja inabaki 10. Karibu na bahari kutu haichelewi. Boksi lipigwe timazi pande mbili zinazokutana, likazwe, lipimwe tena kabla ya zege kufika.